Barua ya wazi kwa wakuu wa kituo cha runinga: Mrudishieni Rayna Jaymes nyimbo zake

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
na kwa Mkuu wa Idara ya Vipindi,
Nairobi.

KUH: KUKATWA KWA NYIMBO, KUVURUGWA KWA MPANGILIO NA KUSITISHWA KWA TAMTHILIA YA NASHVILLE

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu za heshima kutoka Nakuru. Ninawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha zimegonga mwamba. Nimeandika kwa anwani ya barua pepe mnayoionyesha mwishoni mwa vipindi, nimepiga simu kwenye dawati lenu la huduma kwa watazamaji, na ninajua watazamaji wengine waliofanya hivyo. Jibu tulilopewa ni moja, kwamba maoni yetu yamepokelewa na yatashughulikiwa, na baada ya hapo tukanyamaziwa. Jina la kituo nimeliacha kwa makusudi. Ninyi mnajijua, nami sikuja kuwaharibia jina. Nimekuja kuwaomba mrekebishe kazi ambayo ingefanywa ipasavyo ingewaletea sifa.

Kwa ajili ya wasomaji wengine wa barua hii, naomba nieleze kwa kifupi jambo tunalolizungumzia. Nashville ni tamthilia ya Marekani iliyobuniwa na Callie Khouri, na ilianza kuonyeshwa na kituo cha ABC tarehe 10 Oktoba 2012. Ilipigwa picha katika mji huo huo wa Nashville, jimbo la Tennessee, ambao ndio makao makuu ya muziki wa kantri, na katikati yake yumo Rayna Jaymes, mwimbaji wa kubuni aliyeigizwa na Connie Britton. Tunapokutana naye amefikia umri wa miaka arobaini, ana mume na mabinti wawili, amekuwa malkia wa kantri kwa muda mrefu, na albamu yake mpya hainunuliwi. Kampuni inayotoa muziki wake, Edgehill, inamtaka akubali kumtangulia jukwaani Juliette Barnes, msichana anayejaza kumbi, kana kwamba miaka yote aliyoifanyia kazi haihesabiki. Rayna anakataa, na kutokana na kukataa huko zikachipuka sehemu 124 katika misimu sita.

Nampenda mhusika huyu na sioni sababu ya kuficha. Ni nadra kuletewa kwenye runinga mwanamke wa makamo ambaye kazi yake inachukuliwa kwa uzito, anayejadiliana mikataba asubuhi na kulea watoto jioni, anayekosea mbele ya watoto wake na kuwaomba radhi, na ambaye kipaji chake hakitumiwi kama pambo la kisa cha mapenzi. Mlipotangaza kwamba mtaileta tamthilia hii ikiwa na sauti za Kiswahili, nilifurahi kwa dhati na nikawahimiza jamaa na majirani waitazame. Ndiyo maana ninajiona nina wajibu wa kusema yafuatayo.

1. Mnakata nyimbo, na nyimbo ndizo hadithi yenyewe.

Hili ndilo lalamiko langu kuu, na hata kama mngeyapuuza mengine yote, ningewaomba mlisikilize hili.

Ziko tamthilia ambazo wimbo huwekwa ili kupamba tu, na ukiondolewa mtazamaji hapungukiwi na kitu. Nashville haikuandikwa hivyo. Ndani yake watu huimba yale wasiyoweza kuambiana. Rayna na Deacon Claybourne, mpiga gitaa wake, walipendana ujanani wakatenganishwa na ulevi wa Deacon. Rayna akaolewa na Teddy Conrad, na kwa miaka mingi akaficha kwamba Maddie, binti yake mkubwa, ni damu ya Deacon. Katika msimu wa kwanza wawili hawa hawawezi kukaa chini na kuambiana ukweli, kwa kuwa ukweli huo ungevunja nyumba. Wanachoweza kufanya ni kusimama mbele ya maikrofoni na kuimba pamoja, na mtazamaji anayewasikiliza huelewa bila kuelezwa ni kwa nini Teddy hana amani mke wake anapokwenda kazini. Toleo lenu linatuonyesha Rayna akiketi karibu na Deacon, kisha linaleta matangazo ya biashara, na tukirudi wimbo umekwisha na watu wanapiga makofi. Jirani yangu aliyekuwa akiitazama kwa mara ya kwanza aliniuliza kwa nini Teddy amekasirika wakati hakuna kilichotokea. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana kilichotokea kilikuwa ndani ya wimbo.

Chukueni mwisho wa sehemu ya kwanza kabisa. Scarlett O'Connor, mpwa wa Deacon, ni mhudumu katika Bluebird Cafe, na mashairi yake huyaandika kwenye daftari kwa siri. Gunnar Scott, kijana anayeshughulikia mitambo ya sauti hapo, anayaona na kumwambia kwamba hayo ni nyimbo. Usiku huo wanapanda jukwaani, Scarlett akiwa na woga unaoonekana usoni, na wanaanza kuimba kwa sauti za chini. Kati ya wasikilizaji yumo Watty White, mtayarishaji mkongwe aliyemfahamu Rayna tangu mwanzo wa safari yake. Watty anatoa simu, anampigia Rayna, na badala ya kumweleza chochote anaielekeza simu jukwaani. Mwanamke ambaye ameambiwa wakati wake umepita anasikiliza, kupitia simu, sauti za vijana wawili wasiojulikana na mtu yeyote. Ndipo sehemu ile inapoishia. Mlango wa hadithi nzima ya Scarlett, na baadaye wa kampuni ambayo Rayna ataianzisha, unafunguliwa katika dakika hizo chache za wimbo. Katika toleo lenu Watty anatoa simu mfukoni, na majina ya waigizaji yanaanza kupita.

Hata hivyo, kukata kulikoniuma zaidi ni kule kwa msimu wa tano. Sehemu ambayo Rayna anafariki ilionyeshwa Marekani tarehe 23 Februari 2017. Amelazwa hospitalini baada ya ajali ya gari, Deacon, ambaye sasa ndiye mumewe baada ya ndoa yake na Teddy kuvunjika, yuko kando ya kitanda, na mabinti zake, Maddie na Daphne, wanamwimbia mama yao wimbo ambao watazamaji walikwisha kuusikia kutoka kwao miaka ya nyuma. Walioigiza mabinti hao, Lennon na Maisy Stella, ni ndugu wa tumbo moja kutoka Kanada ambao wameimba pamoja tangu utotoni, na sauti zao zinashikana kwa namna ambayo mafunzo peke yake hayawezi kuileta. Wimbo huo ndio kuagana kwenyewe, kwa maana hakuna hotuba ndefu ya buriani iliyowekwa mahali pake. Ninyi mliuondoa. Mlituonyesha mgonjwa akiwa macho, kisha mkatuonyesha familia ikilia. Niliwaandikia usiku ule ule, na mpaka leo sijajibiwa.

2. Pale ambapo wimbo haukukatwa, mmeweka maneno ya msimulizi juu yake.

Nawashukuru waingiza sauti wenu, na nasema hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu mazungumzo mengi wameyafanya vizuri. Dada aliyempa Rayna sauti ya Kiswahili ameelewa kwamba Rayna hapigi kelele anapokasirika, na kwamba hasira yake huteremka chini na kuwa nzito. Sina lalamiko naye hata kidogo. Lalamiko langu ni kwa yule aliyeamua kwamba wimbo unapoanza msimulizi naye aanze kueleza yanayoendelea, huku sauti ya mwimbaji ikipunguzwa hadi kuwa mvumo wa nyuma.

Waigizaji wa tamthilia hii waliimba wenyewe. Connie Britton aliimba nyimbo za Rayna kwa sauti yake, na vivyo hivyo Hayden Panettiere aliyeigiza Juliette, Charles Esten aliyeigiza Deacon, pamoja na Clare Bowen na Sam Palladio walioigiza Scarlett na Gunnar. Muziki wa msimu wa kwanza ulisimamiwa na T Bone Burnett, na baadaye kazi hiyo ikashikwa na Buddy Miller, na hao ni watu wenye jina kubwa katika muziki wa Marekani. Kuifunika kazi hiyo kwa maelezo ya msimulizi ni kuwanyang'anya waimbaji jasho lao na kutunyima sisi tulichokuja kusikia.

Linazidi kunisikitisha jambo hili ninapofikiria mahali ambapo nyimbo hizo huimbiwa. Bluebird Cafe si jina la kutungwa. Ni ukumbi wa kweli mjini Nashville, uliofunguliwa mwaka 1982, wenye viti vipatavyo tisini tu, ulio katika safu ya maduka ya kawaida ambayo mpita njia angeweza kuipita bila kugeuza shingo. Watunzi huketi katikati ya ukumbi wakitazamana, wasikilizaji wamewazunguka kwa ukaribu wa kuweza kugusana, na desturi inayojulikana ya mahali pale ni kwamba wimbo ukianza watu hunyamaza, na anayeongea huombwa anyamaze. Waandaaji wa tamthilia waliuheshimu ukumbi huo kiasi cha kujenga nakala yake studioni ili waendelee kupiga picha humo. Katika ukumbi huo wenye desturi ya ukimya, ninyi mmeweka mtu wa kuzungumza katikati ya wimbo.

Kuna njia rahisi, na ni maandishi ya Kiswahili chini ya skrini. Acheni wimbo uimbwe kama ulivyoimbwa, na maneno yake yaandikwe kwa Kiswahili fasaha ili kila mtu ayafuate. Watazamaji wenu hawahitaji kufundishwa kusikiliza maneno ya wimbo. Huku kwetu watu wameishi na taarabu, na mwanamke anayeinuka kwenda kumtuza mwimbaji huinuka pale neno lilipomgusa, wala hangekubali mtu amzungumzie sikioni wakati huo. Anayeyajua hayo ataielewa kantri ya Rayna bila shida, kwa kuwa nayo ni muziki wa maneno yanayopigwa mahali panapouma.

3. Mpangilio wa sehemu umevurugwa.

Hapa sitakuwa na mengi. Mmeziunganisha sehemu mbili kuwa moja bila kueleza, mkaziruka nyingine, na kosa kubwa zaidi lilikuwa kuonyesha sehemu ya nyuma wiki moja tu baada ya kifo cha Rayna, ambapo alikuwa mzima, akizungumza na wafanyakazi wake ofisini. Watoto nyumbani waliniuliza kama amefufuka. Mtu anayefuatilia tamthilia kwa miaka anastahili kuomboleza mhusika wake kwa utulivu. Iwapo kosa lilikuwa la mtambo au la mtu aliyekosea mkanda, ilitosha kuandika mstari mmoja wa kuomba radhi kwenye skrini, na mstari huo haukuandikwa.

4. Matangazo yenu yanamnadi Rayna kwa kitu asicho.

Katika kila tangazo la tamthilia hii mmemwonyesha Rayna na Juliette wakitupiana macho ya chuki, huku sauti nzito ikiuliza ni nani kati ya wanawake hao wawili atakayemwangusha mwenzake. Ni kweli kwamba hadithi inaanza na ushindani. Lakini aliyeitazama kwa makini anajua kwamba ushindani huo ulipandikizwa na wakubwa wa kampuni, waliotaka kumtumia kijana kumsukuma nje mkubwa, na kwamba safari ndefu ya hadithi ni wanawake hao wawili kulitambua jambo hilo. Rayna anaanzisha kampuni yake mwenyewe iitwayo Highway 65, anamsajili Scarlett aliyemsikia kwa simu, anajitenga na Edgehill, na hatimaye Juliette naye anajiunga na kampuni hiyo hiyo ya mtu aliyedhaniwa kuwa adui yake. Hicho ndicho kiini cha Rayna Jaymes: mwanamke aliyechoka kuambiwa thamani yake na watu wengine, akajenga nyumba ambayo wengine pia wangeweza kuingia.

Wala hayo hayakuwa mawazo ya waandishi waliokaa mbali na hali halisi. Mwaka 2015, tamthilia ikiwa bado inaonyeshwa na ABC, mshauri mmoja wa redio za kantri nchini Marekani alisema waziwazi kwamba vituo vipunguze nyimbo za wanawake ili kupata wasikilizaji zaidi, akiwafananisha waimbaji wanaume na majani ya saladi na wanawake na nyanya zake. Kauli hiyo ilizua hasira kubwa Nashville, na wanamuziki wanawake waliijibu hadharani. Rayna aliandikwa katika mazingira hayo. Mnapomgeuza kuwa mama mwenye wivu anayegombana na msichana, mnamrudisha mikononi mwa wale wale aliowakimbia.

5. Mmeisitisha tamthilia kabla haijaisha.

Baada ya kifo cha Rayna mlionyesha sehemu chache tu, kisha saa ile ikajazwa na kipindi kingine bila tangazo. Mtumishi wenu mmoja aliniambia kwa simu kwamba nyota ameshakufa na kwa hiyo hadithi imekwisha. Naomba kumpinga kwa heshima. Msimu wa tano uliendelea baada ya hapo, ukafuatwa na msimu wa sita, na sehemu ya mwisho kabisa ilionyeshwa tarehe 26 Julai 2018. Hayo yaliyobaki yanahusu swali ambalo kifo kimeliacha mezani: Deacon, aliyepambana na chupa karibu maisha yake yote ya utu uzima, atawaleaje mabinti wawili peke yake, na kampuni ya mke wake itasimamaje bila yeye? Katika sehemu ya mwisho Connie Britton anarudi kwa muda mfupi katika kumbukumbu, na tamthilia inafungwa katika ukumbi wa Ryman, uliokuwa makao ya Grand Ole Opry, onyesho maarufu la redio la muziki wa kantri, kuanzia 1943 hadi 1974, waigizaji na watengenezaji wakiwa pamoja jukwaani wakiimba wimbo ule ule ambao mabinti walimwimbia mama yao hospitalini. Mtaona jinsi makosa yenu yanavyofungamana. Mliuondoa wimbo kwenye kitanda cha mauti, na hata mngeonyesha mwisho leo, mtazamaji wenu hangejua kwa nini watu wale wanaimba wimbo huo na kwa nini baadhi yao wanalia.

Sasa niruhusuni nizijibu hoja ambazo huenda mkazitoa, maana nyingine nimekwisha kuzisikia.

Mtasema kwamba matangazo ya biashara ndiyo yanayolipa mishahara na lazima yapate nafasi. Sipingi. Lakini sehemu moja ya tamthilia ya aina hii, katika vituo vya Marekani vinavyotegemea matangazo, hutengenezwa kwa takriban dakika 42 au 43 ili kujaza saa nzima, kwa hiyo nafasi ya matangazo ilikwisha kutengwa na waliotengeneza. Mmeiweka katika saa nzima ninyi pia. Zaidi ya robo saa mnayo tayari, na mnapokata wimbo wa dakika tatu mnachukua kisichokuwa sehemu ya hesabu.

Mtasema kwamba kuna kanuni za utangazaji na uainishaji wa filamu ambazo lazima zifuatwe, na kwamba ndizo zilizowalazimu kuondoa baadhi ya mambo, kikiwemo kisa cha Will Lexington, mwimbaji kijana wa kantri anayeficha kwamba anapenda wanaume. Kuhusu kisa hicho, ninachowaomba ni ukweli tu: mkikiondoa kitu kwa sababu ya kanuni, andikeni kwamba mmekiondoa, ili mtazamaji asidhani kwamba kijana huyo anaingia na kutoka kwenye hadithi bila sababu. Lakini nyimbo nilizozitaja hazina neno chafu wala tendo la aibu. Hakuna kanuni inayomzuia binti kumwimbia mama yake anayekufa.

Mtasema labda ni suala la haki za nyimbo. Ikiwa mkataba mlioununua una kipengele hicho kweli, tuelezeni nasi tutaelewa. Kinachonitia shaka ni kwamba wimbo uleule mnaoukata katika sehemu moja mnautumia, tena kwa sauti ya juu, katika tangazo la sehemu inayofuata.

Na hoja ambayo nimeisikia zaidi, kutoka kwa watu waungwana kabisa, ni kwamba kantri si muziki wetu na mtazamaji wa Kenya hana subira nao. Hii naomba niijibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona ndiyo mzizi wa mengine yote. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa kantri, alifariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika katika nyanda za juu za Wakipsigis, na mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wakiimba kuhusu kiumbe wa ajabu waliyemwita Chemirocha, nusu mtu na nusu swala, jina walilolipata kutoka kwa mwimbaji huyo wa mbali. Wasichana hao hawakuambiwa kwamba muziki ule hauwahusu. Waliusikiliza, ukawashangaza, wakautungia wimbo wao kwa lugha yao. Tangu hapo nyimbo za Jim Reeves zimepigwa katika nyumba za Wakenya kizazi baada ya kizazi, Dolly Parton na Kenny Rogers hawahitaji kutambulishwa kwa mtu, na Elvis Otieno, tunayemwita Sir Elvis, amejijengea jina kwa kuimba kantri hapa hapa nchini. Hata huko kwenyewe, banjo inayosikika katika nyimbo hizo ina asili ya Afrika, na mmoja wa nyota wa mwanzo wa Grand Ole Opry alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi aliyepiga kinanda cha mdomo. Kwa hiyo anayesema kwamba mtazamaji wa Nakuru, Eldoret au Kericho hana masikio ya kantri hajamuuliza mtazamaji huyo.

Wengine watatuambia twende tukatazame kwenye intaneti. Mwenye bando ataenda. Lakini wengi tunaoitazama tamthilia yenu tunaitazama sebuleni na wazazi wetu, kwa sauti za Kiswahili ambazo wazee wanazifuata, na kwa king'amuzi tulichokinunua kwa pesa zetu. Ninyi ndio mlioahidi kutuletea kazi hii kwa lugha yetu, na ahadi hiyo haiwezi kukabidhiwa kampuni nyingine.

Naomba pia mzingatie kwamba mashabiki wa tamthilia hii wana historia ya kutokubali kunyamaza. ABC ilipoifuta mwezi Mei 2016 baada ya misimu minne, watazamaji walifanya kampeni iliyosikika kote Marekani, na mwezi uliofuata kituo cha CMT kikaichukua na kuiongezea uhai wa misimu miwili. Msimu wa tano ambao ninyi mmeukata katikati uko hai kwa sababu ya watazamaji hao.

Ninachowaomba, basi, ni hiki. Irudieni tamthilia ya Nashville tangu msimu wa kwanza, sehemu zote 124 kwa mpangilio wake, hata kama mtaiweka saa ya usiku isiyo na ushindani wa matangazo. Nyimbo zote ziachwe nzima, pasiwe na msimulizi juu yake, na maneno yake yatafsiriwe kwa maandishi chini ya skrini. Msipoweza kuirudia yote, basi onyesheni upya sehemu ya kifo cha Rayna ikiwa kamili, kisha mwendelee kutoka hapo hadi mwisho wa msimu wa sita. Badilisheni matangazo yanayomfanya Rayna kuwa mgomvi. Mkikata jambo kwa sababu ya kanuni, semeni. Kazi ya kutafsiri nyimbo mpeni mtu anayejua ushairi wa Kiswahili, na mmlipe inavyostahili, kwa kuwa tafsiri mbovu ya wimbo ni afadhali isiwepo.

Naomba pia jibu la maandishi, litolewe hadharani kama barua hii ilivyotolewa, likieleza ni lipi kati ya haya mtalifanya na lini. Nakala ya barua hii nimeituma kwa barua pepe kwenye anwani ile ile ya huduma kwa watazamaji, ikiwa na orodha ya sehemu ambazo nyimbo zimekatwa na dakika ambamo kila wimbo ulipaswa kuanza, ili mhariri wenu asipate taabu ya kuzitafuta.

Wenu mwaminifu,

Mtazamaji wa Nakuru